Kwa nini kikokotoo kinasema 1111101000 ni -24?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma elektroniki, mwaka wa kwanza. Nilibadilisha 1000 kutoka besi 10 kwenda besi 2 kwa mkono nikapata 1111101000. Nilipotaka kuhakiki, niliandika 1000 kwenye DEC (besi 10) nikabonyeza BIN (besi 2), kikokotoo kikaleta Math ERROR. Nikageuza: nikaandika 1111101000 kwenye BIN nikabonyeza DEC, kikaleta -24. Cha mwenzangu kinaleta 1000 bila shida yoyote. Tena changu hakikubali nukta, kwa hiyo 12.75 siwezi kuibadilisha kabisa. Je, kimeharibika? Ninunue kingine kabla ya mtihani?

Jibu: Marahaba. Kikokotoo chako ni kizima, na jibu lako la mkono ni sahihi. Lile -24 nalo ni sahihi. Najua maneno haya yanagongana, ndiyo maana nataka tuyapatanishe polepole. Ukishaelewa jinsi 1111101000 inavyoweza kuwa 1000 na pia ikawa -24, utakuwa umeshika jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita wakidhani wamelijua.

Unapoandika namba kwenye karatasi, unaongeza tarakimu kadiri unavyotaka. Mashine haina uhuru huo. Kikokotoo cha aina yako huonyesha tarakimu 10 kwenye mstari wa jibu, na waliokitengeneza wakaamua kwamba kwenye BIN kila namba itakaa ndani ya nafasi 10, yaani biti 10, wala si zaidi. Nafasi 10, kila moja ikiwa 0 au 1, zinatoa mipangilio 2 kwa kipeo cha 10, ambayo ni 1,024. Basi, hiyo ndiyo mipangilio yote iliyopo.

Mipangilio hiyo ingeweza kugawiwa namba 0 hadi 1,023, na 1000 yako ingeingia vizuri. Lakini namba hasi zingekaa wapi? Ndani ya mashine hakuna alama ya kutoa ya kutanguliza mbele ya namba. Kuna 0 na 1 tu. Kwa hiyo nusu ya mipangilio wakaipa namba hasi. Yote inayoanza na 0 upande wa kushoto kabisa ni sifuri na namba chanya, kuanzia 0 hadi 511. Yote inayoanza na 1 ni hasi, kuanzia -512 hadi -1. Namba yako 1111101000 ina tarakimu 10 kamili, na ya kwanza ni 1. Ilipoingia kwenye kikokotoo ikaangukia upande wa hasi.

Kwa nini iwe -24 hasa? Fikiria mita ya gari inayohesabu kilomita kwa tarakimu nne. Ikiwa inasoma 0000 nawe ukairudisha nyuma hatua moja, itasoma 9999. Hapo 9999 ina maana ya "hatua moja nyuma ya sifuri". Fanya vivyo hivyo kwa biti 10: hatua moja nyuma ya 0000000000 ni 1111111111, na hiyo ndiyo -1. Hatua ya pili ni 1111111110, ndiyo -2. Ukirudi nyuma hatua 24 utafika kwenye 1111101000.

Huhitaji kuhesabu hatua zote. Andika 24 kwa biti 10: 0000011000. Geuza kila 0 iwe 1 na kila 1 iwe 0: 1111100111. Ongeza 1: 1111101000. Njia hii huitwa kijalizo cha mbili, na kikokotoo chako kina kitufe chake. Kwenye BIN, tafuta Neg katika orodha ya shughuli za mantiki, andika Neg 11000, kisha bonyeza =. Utaiona namba yako ile ile ikitokea kwenye skrini.

Napenda wanafunzi wajue sababu ya njia hii kushinda nyingine, kwa sababu ni kazi ya kihandisi iliyofikiriwa vizuri mno. Jumlisha 24 na -24 kwa biti 10, tarakimu kwa tarakimu, kama ulivyofundishwa kujumlisha utotoni:

0000011000
1111101000

Kuanzia kulia, 0 na 0 mara tatu. Kisha nafasi ya nne. Angalia vizuri: kwenye nafasi ya nne juu kuna 1 na chini kuna 1, zinatoa 0 na unabeba 1. Nafasi ya tano juu kuna 1, chini 0, na 1 uliyobeba: 0, unabeba 1 tena. Kuanzia hapo kila nafasi ina 0 juu, 1 chini na 1 ya kubeba, kwa hiyo kila mahali panabaki 0 na ile 1 inasukumwa kushoto mpaka nafasi ya 11. Nafasi ya 11 haipo. Hiyo 1 inadondoka, na kinachobaki ni sifuri kumi. Sakiti ile ile ya kujumlisha imefanya kazi ya kutoa bila kuongezewa chochote. Ndiyo maana kompyuta karibu zote leo huhifadhi namba kamili hasi kwa njia hii.

Sasa turudi kwenye Math ERROR. Ulipita njia mbili, na ni muhimu uone tofauti yake. Ulipoandika 1000 kwenye DEC, kikokotoo kilijua thamani unayoitaka. Kilipoambiwa kiiweke ndani ya biti 10 kikaona inazidi 511, kikakataa na kukuambia. Ulipoandika 1111101000 kwenye BIN, ulikipa biti 10 halali kabisa. Hakikuwa na namna ya kujua kwamba kichwani mwako zilimaanisha 1000. Kikazisoma kwa kanuni yake, kikakujibu -24 kwa utulivu. Kwangu mimi njia hii ya pili ndiyo ya kuogopa. Kosa linaloandikwa kwenye skrini unaliona na unasimama. Jibu lililosomwa kwa kanuni usiyoijua unalinakili kwenye karatasi ya mtihani na kuendelea na swali linalofuata.

Jaribu mwenyewe ukiwa umekishika mkononi. Kwenye DEC andika 511 kisha BIN: utapata moja tisa, 111111111. Andika 512 kisha BIN: Math ERROR. Halafu kwenye BIN andika 1 ikifuatiwa na sifuri tisa, kisha DEC. Karatasi inasema hiyo ni 512. Kikokotoo kitasema -512.

Na habari njema ni kwamba jibu lako halijapotea. Ukisoma namba hasi mahali ulipotarajia chanya, iongezee idadi yote ya mipangilio. Kwa biti 10 ongeza 1,024: -24 + 1,024 = 1,000. Hakiki yako ilikuwa imekamilika tangu mwanzo, ilibaki hatua hiyo moja.

Cha mwenzako hakikukupiga chenga kwa sababu nafasi zake ni nyingi zaidi. Vipo vikokotoo vinavyotumia biti 16 kwenye BIN, vinavyofika -32,768 hadi 32,767, na vipo vya biti 32, vinavyofika -2,147,483,648 hadi 2,147,483,647. Vingi vya namna hiyo hujaza sifuri za mbele, kwa hiyo 5 inaonekana na msururu mrefu wa sifuri kabla ya 101. Kwa biti 16 au 32, ile 1111101000 ina sifuri mbele yake, na sifuri hizo ndizo zinazoifanya isomeke 1000. Zamani kidogo, mwaka 1982, kampuni ya HP ilitoa kikokotoo cha HP-16C kwa ajili ya watu wa programu, na mtumiaji alijichagulia mwenyewe upana wa namba hadi biti 64, pia akichagua kama namba zisomwe kuwa na alama, yaani hasi na chanya, au zisiwe nayo, yaani chanya tu. Mwenye mashine ile alilazimika kulikabili swali hili kabla ya kuanza kazi. Sisi wengine kiwanda kimetuchagulia, na si kila mtu hufungua kijitabu cha maelezo.

Kuna jambo jingine kuhusu kikokotoo chako linalowashangaza hata waliokitumia miaka. Upana si mmoja kwa besi zote. BIN ni biti 10. OCT, yaani besi 8 au okta, ina tarakimu 10, na kila tarakimu ya okta ni biti 3, kwa hiyo ni biti 30: chanya kubwa kabisa ni 3777777777, yaani 536,870,911. HEX, yaani besi 16 au heksadesimali, ambamo A hadi F husimama badala ya 10 hadi 15, ina tarakimu 8, kila moja biti 4, kwa hiyo ni biti 32, na chanya kubwa ni 7FFFFFFF, yaani 2,147,483,647. Chukua 600,000,000. Ukienda HEX unapata 23C34600 bila tatizo. Ukienda OCT unapata Math ERROR, na BIN vivyo hivyo. Namba moja, mashine moja, mlango mmoja umefunguka na miwili imefungwa. Na -1 nayo itakujia kwa sura tatu: 1111111111 kwenye BIN, 7777777777 kwenye OCT, FFFFFFFF kwenye HEX. Kwenye kikokotoo cha biti 32 pande zote, -1 ya okta ni 37777777777, tarakimu 11 zinazoanza na 3, kwa sababu biti 32 ukizikata tatu tatu kutoka kulia zinabaki mbili tu mwishoni, na biti mbili zilizojaa ni 3.

Kwenye HEX mtego ni ule ule, ila umejificha ndani zaidi. Utakutana nao ukianza somo la mitandao. Anwani 192.168.0.1 kwa heksadesimali ni C0A80001: C0 ni 192, A8 ni 168, 00 ni 0, 01 ni 1. Ukiiandika kwenye HEX na kubonyeza DEC, kikokotoo kitasema -1062731775. Tarakimu ya kwanza ni C, ambayo ni 1100, biti ya kwanza ni 1, basi imeshakuwa hasi. Toka kwenye hali ya BASE, ile yenye DEC, BIN, OCT na HEX, urudi kwenye hesabu za kawaida, uongeze 4,294,967,296 ambayo ni 2 kwa kipeo cha 32. Utapata 3,232,235,521, ndiyo thamani halisi ya anwani hiyo. Lazima utoke kwanza, kwa sababu 4,294,967,296 yenyewe haiingii kwenye hali ya BASE.

Hiyo 2,147,483,647 ikumbuke. Mifumo mingi ya kompyuta imehesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, ikiweka hesabu hiyo ndani ya biti 32 zenye alama. Sekunde hizo zitafika 2,147,483,647 tarehe 19 Januari 2038, saa 3:14:07 usiku wa manane kwa saa ya kimataifa ya UTC, ambayo kwa kusoma saa kwa Kiswahili ni saa tisa na dakika kumi na nne usiku, bado kwa saa hiyo hiyo ya UTC. Sekunde inayofuata, mfumo ambao haujarekebishwa utasoma -2,147,483,648 na kujikuta umerudi Desemba 1901. Ni mita ile ile ya gari, safari hii imeenda mbele ikazunguka.

Sasa kazi yenyewe: utabadilishaje namba kubwa kwa kikokotoo cha biti 10? Tumia HEX iwe daraja. Kila tarakimu ya heksadesimali ni biti 4 kamili, kwa hiyo kutoka HEX kwenda binari ni kunakili tu. Tuchukue 53,279. DEC kwenda HEX inatoa D01F. Sasa andika kila tarakimu kwa biti nne: D ni 1101, 0 ni 0000, 1 ni 0001, F ni 1111. Jibu ni 1101000000011111.

Hapa nisimame kidogo, maana kosa la hapa nimelisahihisha mara nyingi kuliko jingine lolote. Mwanafunzi anaona 0 anaandika 0, anaona 1 anaandika 1, anamaliza na 1101011111. Hiyo ni 863, si 53,279. Sifuri ya katikati ni sifuri nne. Kundi la kwanza kushoto pekee ndilo linaloruhusiwa kupoteza sifuri zake za mbele. Ukitaka okta, zikate biti zako tatu tatu kutoka kulia: 1, 101, 000, 000, 011, 111. Unapata 150037. Ukikata kutoka kushoto utapata namba nyingine kabisa.

Na namba ikizidi hata 2,147,483,647? Ikate vipande kwa 65,536, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 16. Tuseme 5,000,000,000. Ukiwa kwenye hesabu za kawaida, gawanya kwa 65,536. Skrini itasoma 76293.94531. Sehemu kamili ni 76,293. Kutafuta baki, usiinakili ile .94531 na kuizidisha. Skrini imekata tarakimu za mwisho, na utapata 61,951.836, usijue ni ngapi hasa. Zidisha 76,293 kwa 65,536, kisha toa kwenye namba ya mwanzo: 5,000,000,000 kutoa 4,999,938,048 ni 61,952. Sasa ingia BASE. 76,293 ni 12A05. 61,952 ni F200. Ziunganishe: 12A05F200. Kipande cha kulia lazima kiwe na tarakimu nne. Kama kingetoka 2F, ungekiandika 002F. Njia hii nayo ina mpaka wake. Namba ikizidi tarakimu 10, kikokotoo huanza kuiandika kwa kuzidisha na kipeo cha 10, tarakimu za mwisho zinatoweka, na baki linategemea tarakimu ya mwisho kabisa. Ukifika hapo chukua karatasi.

Upande wa nukta. Hali ya BASE hushughulika na namba kamili peke yake. Hakuna desimali, hakuna sehemu, na ukigawanya, kinachobaki baada ya nukta hukatwa: 7 ÷ 2 inaleta 3. Kwa 12.75, dawa ni kuihamisha nukta kabla ya kuingia. Kwenye hesabu za kawaida zidisha kwa 16: 12.75 × 16 = 204. Ingia BASE, 204 kwenda HEX ni CC. Ulizidisha kwa 16 mara moja, kwa hiyo rudisha nukta nyuma tarakimu moja ya heksadesimali: C.C. Kwa binari ni 1100.1100, na sifuri za mwisho baada ya nukta unaweza kuziacha: 1100.11. Hakiki: 8 + 4 ni 12, nusu na robo ni 0.75.

Ukizidisha kwa 16 na bado kuna desimali, zidisha tena, ukihesabu umezidisha mara ngapi. Kwa 0.1, zidisha mara nne, yaani kwa 65,536: utapata 6,553.6. Zidisha utakavyo, haitakuwa namba kamili daima. Ukichukua 6,553 utapata 1999 kwa HEX, yaani 0.1999, na ukiendelea tisa hizo haziishi. Sababu ni hii: sehemu huisha kwenye besi 2 pale tu ambapo asili yake, ikishafupishwa, ni 2 iliyozidishwa kwa 2 peke yake: 2, 4, 8, 16 na kuendelea. Kumi ni 2 mara 5, na ile 5 haigawanyiki ndani ya besi 2, kama vile 3 isivyogawanyika ndani ya besi 10 na ukapata 0.333 isiyo na mwisho. Kwa hiyo swali likikuambia ubadilishe 0.1 kwenda besi 2, litakuambia pia ukomee tarakimu ngapi. Lisipokuambia, andika zile zinazojirudia na uonyeshe kwamba zinajirudia.

Kukata huko kumewahi kuua watu. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, mfumo wa makombora ya Patriot huko Dhahran, Saudi Arabia, ulishindwa kulizuia kombora la Scud la Iraki, likapiga kambi na kuua askari 28 wa Marekani. Saa ya mfumo ule ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na ili kupata sekunde, hesabu ilizidishwa kwa 0.1 iliyohifadhiwa ndani ya biti 24. Kilichokatwa kilikuwa kama sekunde 0.000000095 kwa kila sehemu ya kumi. Lakini mfumo ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 bila kuzimwa, ambazo ni sehemu za kumi 3,600,000. Zidisha mwenyewe: sekunde 0.34. Kwa mwendo wa Scud, muda huo ni zaidi ya nusu kilomita, na mfumo ukawa unaangalia mahali ambapo kombora halipo. Nakusimulia haya kwa sababu unasoma elektroniki, na siku moja utakayeamua namba ikae katika biti ngapi utakuwa wewe.

Besi nyingine, kama 5 au 7, kikokotoo chako hakina. Kina 2, 8, 10 na 16 tu. Hata hivyo ile tabia ya kukata inakusaidia hapa. Kaa kwenye DEC ndani ya BASE ugawanye 432 kwa 5: inaleta 86 tupu, bila desimali za kukuchanganya. 86 × 5 ni 430, baki 2. 86 ÷ 5 ni 17, baki 1. 17 ÷ 5 ni 3, baki 2. 3 ÷ 5 ni 0, baki 3. Soma mabaki kutoka chini kwenda juu: 3212.

Kuhusu kuandika herufi A hadi F kwenye HEX: zina vitufe vyake, kwa kawaida safu ya sin, cos, tan na jirani zake. Herufi unazozipata kwa ALPHA ni majina ya kumbukumbu, si tarakimu, na ukizitumia hazitakupa namba unayoitaka.

Mtihani sasa. Swali likisema tu "badilisha 1000 kwenda besi 2", jibu ni 1111101000 na kikokotoo hakina neno hapo. Likitaja upana, mambo hubadilika. Tuseme limekuambia uandike -24 kwa kijalizo cha mbili, biti 8. Kikokotoo chako kitatoa 1111101000. Chukua biti 8 za kulia, 11101000, ukishahakikisha kwamba namba iko kati ya -128 na 127. Likigeuzwa, yaani umepewa 11101000 kwa biti 8 zenye alama na unatakiwa thamani yake, ukiiandika hivyo hivyo utapata 232, kwa sababu kikokotoo kimeweka sifuri mbili mbele yake. Ama utoe 256, upate -24, ama uongeze moja mbili mbele kabla ya kubonyeza DEC, ili biti ya alama iendelee mpaka nafasi ya 10. Kwenye cha biti 32 ungehitaji kuongeza moja 24, na hapo kutoa 256 ni rahisi zaidi.

Kwa hiyo usinunue kingine kwa ajili ya hili. Kikokotoo cha biti 32 kingekuokolea hatua kadhaa, nakubali, lakini FFFFFFFF nacho kitaisoma -1, na 0.1 hakitaipokea. Kaa na ulichokizoea, ukijua kwamba BIN yake inaishia 511, OCT 536,870,911 na HEX 2,147,483,647. Na siku ya mtihani ukilazimika kuazima cha mtu, kabla hujagusa swali la kwanza andika -1 kwenye DEC, bonyeza BIN, uhesabu hizo moja ziko ngapi.